Mtoto wa Kichwa Maji si wa Kufichwa Ndani

Mji wa Mbale, ulioko mashariki ya Uganda chini ya mlima Elgon, si mgeni kwa Waislamu wa pwani yetu. Tangu mwaka 1988, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofungua milango yake huko, vijana wetu wamekuwa wakipanda mabasi kwenda kutafuta elimu, na wazazi wao wamezoea kulitamka jina la Mbale kama walivyozoea kulitamka la Nairobi. Lakini ni wachache mno niliowasikia wakitaja kwamba katika mji huo huo mna hospitali ya watoto ambayo wapasuaji wa ubongo wa Marekani na Kanada huizungumza kwa heshima, na kwamba wako madaktari waliofunga safari kwenda kujifunza huko. Kazi kubwa ya hospitali hiyo ni vichwa vya watoto wachanga vilivyojaa maji.

Najua yuko msomaji atakayeuliza: habari za upasuaji zina uhusiano gani na ukurasa wa utamaduni? Zina uhusiano mkubwa. Ugonjwa wa kichwa maji hukutana na mila zetu kabla haujakutana na daktari, na aghalabu ni mila ndiyo inayoamua kama daktari atamwona mtoto akiwa na wiki sita au akiwa ametimiza mwaka.

Hebu tukumbuke yanayosemwa majumbani. Mtoto kichwa chake kikianza kukua kuliko mwili, ngozi ya kichwa ikanyooka na kung'aa, mishipa ikaonekana, na macho yakawa yanatazama chini kama jua linalozama, watu hawasemi kuwa ni maji. Husemwa kwamba mtoto kabadilishwa. Husemwa kwamba mama alipita pasipopitwa wakati wa magharibi alipokuwa mja mzito. Jamaa wa upande wa baba husema katika ukoo wao hakujazaliwa kitu kama hicho, na mwenye kusikiliza anaelewa nani anashitakiwa. Mama huyo, ambaye hata nguvu za uzazi hazijamrudia, hujikuta na mzigo wa mtoto na mzigo wa maneno.

Katika mtaa tuliokulia, huko Mji wa Kale, palikuwa na nyumba moja iliyokuwa na mtoto wa namna hii. Sisi watoto tulijua yuko kwa sababu tulimsikia akilia, lakini hatukupata kumwona. Mama yangu akienda kuamkia, huambiwa mtoto kalala. Akienda jioni, mtoto kalala. Hivyo hivyo miezi ikapita, mpaka siku tulipoitwa kuzika. Nakumbuka jinsi waliomwosha walivyotoka wamenyamaza, na jinsi watu wazima walivyobadilisha mazungumzo sisi tulipokaribia. Jina la mtoto yule nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima.

Miaka mingi baadaye nilipata kuzungumza na bibi mmoja aliyekuwa mkunga wa mtaa huo huo. Nilimwuliza, "Bi mkubwa, kwani nyinyi mliokuwa mkiingia ndani hamkuwa mkiona?"

"Tukiona, mwanangu," akanijibu. "Utosi ukiinuka tukiona. Lakini utasema nini? Ukisema kichwa cha mtoto kimekuwa kikubwa, kesho mtoto akizidiwa watasema wewe ndiwe uliyemtia jicho."

Maneno hayo yalinifungua macho. Wengi tunadhani mambo haya hucheleweshwa na ujinga, kumbe pengine huchelewa kwa sababu ya adabu. Sisi ni watu ambao hatutaji ukubwa wa mtoto bila ya kusema mashallah, na mwenye adabu zaidi hataji kabisa. Ni mila nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini katika ugonjwa huu anayenyamaza hula siku za mtoto.

Basi maji hayo ni ya nini? Si maji ya uchafu wala si ya balaa. Kila mmoja wetu anayo. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne, na ndani ya vyumba hivyo mna vishada vya vishipa vidogo vidogo vinavyotoa maji masafi mchana na usiku. Kwa mtu mzima, yapata nusu lita kila siku. Maji hayo hupita chumba hadi chumba kwa vijia vyembamba, yakatoka nje kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakanywewa na damu. Kijia kikiziba, au mahali pa kunywewa pakiharibika, kishada hakina habari. Huendelea kutoa maji kama bomba ambalo hakuna wa kulifunga. Kichwa cha mtu mzima ni mfupa mtupu, hakiwezi kupanuka. Cha mtoto mchanga mifupa yake bado haijaungana, kwa hiyo hufunguka, na ubongo unakandamizwa ukutani ukawa mwembamba siku hata siku.

Wazee wetu katika elimu waliujua ugonjwa huu. Abul Qasim al-Zahrawi, mpasuaji mkubwa wa Kurtuba aliyefariki mwaka 1013, ameueleza katika sehemu ya 30 ya kitabu chake al-Tasrif, sehemu aliyoiweka kwa ajili ya upasuaji. Alijua kwamba kichwa hujaa maji, alijua kwamba huzidi kila siku, na ametaja mkono wa mkunga unaokibana kichwa wakati wa kuzaa kuwa ni sababu moja. Katika hiyo sababu leo madaktari hawamfuati. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba miaka elfu moja iliyopita Mwislamu aliyekuwa mwanachuoni alimtazama mtoto huyu akaona mgonjwa. Hakuona jini.

Kuona ni jambo moja na kuponya ni jingine. Kwa karne nyingi waliothubutu kuyatoa maji hayo waliyatoa na yakarudi. Mwaka 1923, mjini Boston, daktari aitwaye William Mixter alichukua chombo kilichotengenezwa kwa kutazamia njia ya mkojo, akakipitisha ndani ya kichwa cha mtoto wa miezi tisa, akatoboa tundu katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya ya kutokea. Mtoto akapata nafuu. Lakini taa za vyombo vya wakati ule zilikuwa hafifu, mpasuaji alikuwa kama mtu anayetafuta sindano kwa mwanga wa kibatari, na njia hiyo ikawekwa kando kwa miaka mingi.

Kilichoshika nafasi ni mpira. Mwaka 1956, huko Marekani, fundi wa mitambo aitwaye John Holter, ambaye mwanawe mwenyewe Casey alizaliwa na ugonjwa huu, alibuni vali ndogo inayopitisha maji upande mmoja tu. Mpira wenye vali hupitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani. Siku hizi aghalabu huishia tumboni, maji yakamwagikia humo na mwili ukayanywa. Casey hakuishi miaka mingi, lakini uvumbuzi wa baba yake umeokoa watoto wasiohesabika duniani, na mpaka leo unaokoa. Asije mtu akasema nimeutukana mpira.

Taabu yake ni kwamba mpira ni kitu kigeni mwilini, na mtoto hufungamana nao maisha yake yote. Huziba, hukatika, hupata vijidudu. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya mipira wanayowekewa watoto hushindwa kazi katika miaka miwili ya kwanza. Mtoto wa Boston mpira wake ukiziba usiku wa manane, gari la wagonjwa litafika mlangoni. Mtoto wa kisiwa cha Pate, au wa bara la Kwale, mpira wake ukiziba ataanza kutapika na kusinzia, watu watasema ni malaria, na kabla ya jua la pili huenda yamekwisha.

Hilo ndilo lililomkabili Dakta Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Mbale mwaka 2000 pamoja na mkewe na watoto wao sita, kwenda kuanzisha kazi ya upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya shirika la CURE. (Ni shirika la Kikristo, na nalisema wazi ili asitokee mtu wa kulisema kwa kunong'ona. Al-Zahrawi naye vitabu vyake vilisomwa na wapasuaji wa Ulaya ya Kikristo kwa karne kadhaa.) Watoto walikuja kwa wingi kuliko alivyotazamia. Kwanza alijaribu jambo la bei: akalinganisha mpira uliotengenezwa India, uliokuwa ukiuzwa dola 35, na ule wa Marekani wa dola 650, akakuta matokeo hayana tofauti ya maana. Habari njema kwa maskini. Lakini mpira wa rahisi nao huziba kama wa ghali, na mama yule yule yuko mbali na hospitali.

Ndipo akaligeukia tundu la Mixter, safari hii akiwa na darubini nyembamba inayopindika, yenye mwanga mkali. Huingizwa pembeni mwa utosi, pale pale ambapo bibi zetu hupapasa kwa kidole kujua hali ya mtoto. Mpasuaji huona ndani ya vyumba vya ubongo, akashuka hadi sakafu ya chumba cha tatu, ambayo kwa mtoto mwenye maji mengi huwa imenyooka mpaka inapitisha mwanga. Anatoboa tundu dogo. Chini yake kabisa unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha shina la ubongo, kwa hiyo si kazi ya mkono unaotetemeka.

Hata hivyo kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja tundu peke yake lilikuwa likishindwa mara nyingi. Warf akaongeza jambo la pili, ambalo nalo lilipata kujaribiwa huko nyuma mwanzoni mwa karne iliyopita: kwa darubini ile ile akavichoma kwa umeme vile vishada vinavyotoa maji, ili mtoto apate njia mpya ya maji na wakati huo huo maji yenyewe yapungue. Akayaandika matokeo mwaka 2005, kutokana na watoto 550. Kwa wale wa chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaulu kwa asilimia 47; tundu pamoja na kuchoma vishada, kwa asilimia 66. Mtoto aliyefaulu alirudi nyumbani bila ya mpira wowote mwilini mwake. Warf aliondoka Mbale mwaka 2006, na kazi ikaendelea mikononi mwa Waganda wenyewe. Leo njia hiyo hufanywa katika hospitali kubwa za Marekani, nao wakijua fika kwamba ilikamilishwa Uganda. Huwa tunazoea kungojea vitu vishuke kutoka Ulaya na Marekani. Safari hii kimepanda kutoka kwetu.

Sitaki kumwuzia msomaji mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi mwingine uliofanywa Mbale kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita, ambao maji yao yalitokana na maradhi ya kuambukiza. Kwa kura, wengine wakapewa tundu na kuchomwa vishada, wengine mpira. Baada ya miezi 12 akili zao zilipimwa na ubongo wao ukapigwa picha, na makundi mawili yakaonekana hayakupitana kwa kiasi cha maana. Yaani tundu halimfanyi mtoto awe na akili kuliko mpira. Faida yake ni kwamba linalofaulu halimfungi mtoto kwa kifaa. Na katika njia zote mbili, ubongo uliokwisha kukandamizwa kwa miezi haurudi wote. Mpasuaji huokoa kilichobaki, na kiasi kitakachobaki hutegemea siku aliyoletwa mtoto.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Warf aligundua kwamba watoto wengi wa Mbale hawakuzaliwa na ugonjwa. Katika 300 wa kwanza, asilimia 60 maji yao yalianza baada ya maambukizo ya ubongo, na wengi waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Mama alisimulia habari moja ile ile: mtoto alizaliwa mzima, akashikwa na homa, akakataa ziwa, akapata dege, kisha akapona, wiki chache baadaye kichwa kikaanza kukua. Mwaka 2020 wataalamu waliochunguza maji ya vichwa vya watoto wa Uganda walitangaza kwamba wamekuta ndani yake kijidudu cha jamii ya Paenibacillus, ambacho kabla ya hapo wengi hawakukidhania kuwa ni adui wa watoto.

Mwezi wa kwanza, msomaji mpenzi, kwetu ni nini? Ni arobaini. Ni siku ambazo mzazi na mwanawe wako ndani, mama anakandwa, analishwa vitu vya moto, na wageni wanachujwa. Mimi ni mtetezi wa arobaini. Ni heshima kwa mzazi na mapumziko ambayo mwanamke wa kizungu angeyalipia fedha nyingi. Lakini homa ya mtoto wa siku 12 haingojei arobaini iishe. Mtoto wa umri huo akipata homa, au akipoa kupita kiasi, akakataa kunyonya, au akashikwa na dege, ni wa kutolewa saa hiyo hiyo. Kisomo asomewe, kombe anywe mama yake, na gari liwe linangojea mlangoni. Mtume wetu ametufundisha kutafuta dawa, wala hakutuambia tuitafute baada ya siku 40. Na kile kitovu kisipakwe kitu chochote ambacho mkunga wa hospitali hakukiamuru.

Tena tunayo siku nyingine ambayo naiona kama imewekwa makusudi. Siku ya akika nywele za mtoto hunyolewa. Wengine hunyoa siku ya saba, wengine siku ya arobaini. Hiyo ndiyo siku kichwa huwa wazi, hakina kofia wala nywele, na jamaa wote wapo. Kwa nini asikae pale mmoja wao na futi ya fundi cherehani? Huzungushwa juu ya nyusi mbele, na nyuma pale palipotokeza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na kichwa cha yapata sentimita 35, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kiasi cha sentimita mbili kwa mwezi. Kipimo kimoja hakisemi mengi, kwani wako watu ambao ukoo wao ni wa vichwa vikubwa na akili zao zinakata kama wembe. Kinachosema ni mwendo. Kichwa kinachoongezeka kwa wiki moja au mbili kiasi cha mwezi mzima, kipelekwe. Na kwa kuwa futi ndiyo inayosema, hakuna wa kushutumiwa kwamba ametia jicho.

Wako pia wanaozaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hujaa maji kichwani. Huo huanza mapema mno, katika wiki nne za kwanza za mimba, kabla mwanamke hajajua kama ana mimba. Vidonge vya asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki huja vimechelewa kwa jambo hili ikiwa mama atakwenda kliniki na tumbo la miezi mitano. Ndiyo maana Kenya iliamuru mwaka 2012 kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa pakiti utiwe madini na vitamini, foliki ikiwa mojawapo. Anayesaga mahindi yake mwenyewe mtaani hapati kinga hiyo, na bibi harusi wake anafaa kuanza vidonge siku za fungate.

Kwa wanaouliza waende wapi, safari haina lazima ya kufika Mbale. Hospitali ya Kijabe imekuwa ikiwapasua watoto wa kichwa maji na wa mgongo wazi kutoka kila pembe ya Kenya kwa miaka mingi. Ng'ambo ya bahari, katika hospitali ya Mnazi Mmoja huko Unguja, kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa juhudi za mpasuaji wa Kihispania, Dakta José Piquer. Mlango wa kwanza ni hospitali ya kaunti, ambako atapewa barua.

Akifika kwa mpasuaji, mzazi asione haya kuuliza: mwanangu anafaa kwa tundu au kwa mpira, na kwa sababu gani? Wako watoto ambao ndani mwao mmeharibika kwa makovu na tundu halitawafaa, basi mpira ndio uhai wao. Aliyetobolewa tundu, likija kuziba aghalabu huziba katika miezi sita ya mwanzo. Kwa muda huo futi ile ile ikae karibu na kitanda, mtoto apimwe kila wiki na namba iandikwe. Utosi ukiinuka tena, au macho yakianza tena kuzama, arudishwe siku hiyo hiyo, hata kama ahadi yake ya kliniki ni ya mwezi ujao.